Kompyuta ya Shahidi

Komanda Firmin alikuwa amekwisha kuimaliza kesi kabla hata ya chai. Generose alimkuta ofisini amejiegemeza kitini, mikono ameipumzisha juu ya tumbo, ametosheka kama mtu aliyetoka karamuni.

"Mama OPJ, umechelewa," akasema. "Mwenye kosa tayari iko mu kasho. Ni ule fundi wa mashini, Espoir. Jana mashini ilikufa mbele ya bakubwa ba Kinshasa. Na mashini, nani anaijua? Fundi. Sasa weye unatafuta nini tena?"

"Natafuta aliyeiharibu."

"Si nimekuambia? Fundi."

"Ushahidi wako ni upi, Komanda?"

"Ushahidi ni kwamba iko fundi," Firmin akajibu bila haya. "Tena bantu walimuona akisemezana na Toussaint, mwenye boti, kule bandarini. Unataka nini zaidi?"

Generose alikuwa mpelelezi wa mahakama, wale ambao Uvira nzima huwaita OPJ, na alikuwa na sifa ya kutopandisha sauti. Asubuhi hiyo aliipandisha.

"Nataka Mama Consolée asikilizwe leo! Tume imempa nafasi moja tu ya kurudia, leo mchana. Asiposikika, faili inafungwa. Na wewe umemfungia ndani mtu pekee anayeweza kuitengeneza ile mashine, kisha unaniuliza nataka nini zaidi?"

Firmin akakohoa, akatazama dirishani.

Hasira hiyo haikuwa ya bure. Boti ya Toussaint ilikuwa imezama mchana kweupe, ziwa likiwa limetulia, kabla ya kufika Baraka. Ilizama kwa sababu ilijazwa kupita kiasi, na hilo bandari nzima ya Kalundu ililijua na Kalundu nzima ililinong'ona. Lakini minong'ono haimfungi mtu. Kati ya wote waliotoka hai, Mama Consolée, mkulima wa Kiringye, ndiye peke yake aliyemsikia Toussaint kwa masikio yake akiamuru magunia yaongezwe baada ya wakala wa bandari kusema basi, imetosha. Binti yake Providence alikuwa ameketi juu ya magunia hayo. Providence hakurudi.

Tume ya uchunguzi iliketi Kinshasa, na Kinshasa si jirani. Ikakubali kumsikiliza mama huyo kwa video, toka ukumbi wa ushirika wa wavuvi pale Kalundu. Jana alivaa kitambaa chake cha kanisani, akaketi mbele ya kompyuta, akafungua kinywa, na papo hapo uso wake ukaganda kwenye skrini ya Kinshasa. Sauti ikafika vipande vipande, neno hapa, neno kule. Tume ikaandika kwamba shahidi hakueleweka. Hakueleweka! Mwanamke aliyesema mambo yaliyonyooka kama mstari wa shamba la mpunga. Na wakati huo huo boti mpya ya Toussaint ilikuwa imefungwa gatini, rangi haijakauka, ikingoja ruhusa.

"Nipe ufunguo wa mahabusu," Generose akasema.

Espoir alikuwa amechuchumaa pembeni, shati limechanika begani. Alipomwona Generose alisimama haraka, akajipangusa.

"Mama, minye sikufanya kitu."

"Toussaint alitaka nini kwako bandarini?"

"Alinitaka nimutengenezee redio ya boti yake mupya. Nilikataa. Uulize babebaji bote, nilikataa kwa sauti, nusu bantu bafikiri tunapigana."

"Haya. Nielezee ya jana, polepole."

Espoir akavuta pumzi. "Asubuhi nilijaribu na Kinshasa. Sura safi, sauti safi. Octave, karani wa kule, alinihesabia mpaka vifungo vya shati. Nikaacha mashini ikiwa imeungana na Kinshasa. Bantu ba kamati ya bafiwa bakaingia, Mama akakaa. Mara grupu, ile jenereta, ikaanza kukohoa inje, nikatoka kuiongezea mafuta. Nilirudi bakiwa bamemaliza tu maombi. Mama kuanza tu, sura ikakwama."

"Na ile kompyuta ya pili, ya meza ya kamati?"

"Ile haikukwama. Bote baliona Kinshasa vizuri mpaka mwisho. Nilikuwa nimeifunga kamera na maikro, isigombanishe sauti na ile ya Mama. Ya kuona tu."

Generose aliyekuwa akitembea akasimama. "Zote mbili zinatumia mtandao mmoja?"

"Mumoja. Antena ileile ya juu ya paa."

"Basi antena haina kosa. Upepo hauna kosa. Kosa liko ndani ya kompyuta moja tu, ya shahidi. Ni kitu gani ndani ya kompyuta kinaweza kuigandisha sura hivyo?"

Espoir hakuhitaji kufikiri. "Itifaki, Mama. Iko njia mbili za kutuma sura na sauti. Moja banaiita TCP. Ile iko kama mubebaji wa gatini mwenye kuogopa bosi: mufuko mumoja ukianguka, anasimama, anarudi kuuokota, na benzake bote nyuma yake banangoja. Kwa barua ni nzuri, hakuna kinachopotea. Ya pili ni UDP. Ile ni kama kupitishana mizigo kwa mustari: kimoja kikianguka, unaacha, vingine vinaendelea. Huku kwetu mutandao unapoteza vipande kila saa. Kwa sura ya muntu akiongea, kipande kupotea si neno. Neno ni kungoja. Ukiilazimisha TCP, njo vile uliona jana."

"Na wewe uliweka UDP."

"Kwa mashini zote mbili. Na niliifungulia njia mu ruta."

"Mtu akiibadilisha, inashika mara moja?"

"Hapana. Mpaka utoke mu mukutano, uingie tena."

Generose akalirudia hilo moyoni. "Nani mwingine anajua kuibadilisha?"

"Siku ya majaribio ilikwama vile vile. Nikaitoa TCP, nikaweka UDP, mbele ya kamati yote, nikabafundisha, ili siku minye siko bajue." Akajikuna kichwa. "Bote balitazama tu. Prezida Protais njo aliniomba nirudie, na akataka kujaribu mwenyewe. Ule ni muntu wa kujali, Mama."

Generose akatoka nje. Alimwambia askari ampe Espoir maji na shati zima, akadandia pikipiki ya kwanza iliyopita.

Nyuma ya ukumbi wa ushirika, hatua chache kutoka kwenye jenereta, Noella, mchuuzi wa samaki, alikuwa ametandaza ndagala zake juani. Hakuna aliyemuuliza chochote tangu jana. Komanda alipita pale akiwa na askari na kelele, akakanyaga hata samaki, lakini kuuliza hakuuliza.

"Fundi? Alikuwa hapa," Noella akasema. "Kifuniko cha tangi kilikuwa kimelegea, akakishika na mukono wakati anaongeza mafuta. Nilimukemea kwa sababu alinimwagia mafuta karibu na samaki. Ndani balikuwa banaomba. Kelele yote ya maombi, alikuwa hapa anaomba musamaha kwa ajili ya ndagala."

"Mpaka maombi yakaisha?"

"Amina iliposikika njo alikimbia ndani. Na munamufunga huyo! Toussaint anatembea, fundi anafungwa. Hii mji iko na kichwa kweli?" Akageuza ndagala kwa hasira, kana kwamba ndizo zilizokosea. "Na ule Protais anaruka-ruka mbele ya askari, eti Espoir amenunuliwa. Yeye mwenyewe banasema atakuwa kapita, musimamizi wa kupakia ile boti mupya. Minye sijaona, nimesikia."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa babebaji. Nani atabapanga kazi, si banajua?"

Ndani ya ukumbi, kompyuta mbili zilikuwa palepale zilipoachwa. Ya shahidi ilikuwa mbele, kamera yake ikiangalia kiti kimoja cha mbao. Ya kamati juu ya meza ndefu karibu na mlango. Generose aliketi, akafungua mipangilio ya ule mfumo wa mikutano, akashuka mpaka penye mtandao, penye itifaki. Alama ilikuwa mbele ya TCP, na chini yake kijisanduku kimewekwa tiki: tumia hiyo pekee.

Akaenda kwenye kompyuta ya kamati, akafungua mahali palepale. UDP, kama Espoir alivyoiacha.

Alibaki amesimama katikati ya ukumbi. Fundi akitaka kuua mawasiliano hana haja ya kwenda kwenye itifaki ya kompyuta moja. Angepanda paa, akalegeza waya mmoja wa antena, kompyuta zote mbili zikafa, kisha akausingizia upepo wa ziwani na watu wakamwamini. Aliyefanya hivi alikuwa mtu aliyejua mlango mmoja tu, na mlango huo alifundishwa.

"Mungu akubariki, Mama OPJ, kwa kutupigania."

Protais alikuwa ameingia bila kishindo. Alikuwa mwanamume mrefu, sauti yake nzito ya kuongoza nyimbo, na familia za marehemu zilikuwa zimemchagua prezida wa kamati kwa sababu alijua kuwasemea. Alivaa shati la maombolezo ambalo kamati yote ilishonesha, limechapwa picha za waliozama. Uso wa Providence ulikuwa kifuani, juu kidogo ya mfuko, anacheka.

"Kaa, Prezida. Maswali machache tu," Generose akasema. "Jana nani aliongoza maombi?"

"Ni minye. Kila siku ni minye. Hatuanzake kazi bila Bwana."

"Mliomba vipi?"

"Vile tunaombaka huku. Kila muntu afungue kinywa chake, bote mara moja, kwa nguvu. Balilia, bengine balipiga makofi. Ulikuwa moto, Mama."

"Wewe ulisimama wapi?"

"Pa mlango. Mlango nyuma ya mugongo, toka kuanza mpaka amina, ili adui asiingie."

"Hukusogea?"

"Hata kidogo. Mulinzi haachake lango."

"Na karibu na kompyuta ya shahidi alikuwa nani?"

Protais akatikisa kichwa kwa huzuni iliyopangwa vizuri. "Nitajua aje? Tulifunga macho bote. Espoir alikuwa inje, sasa kama alipenya ndani... Muntu akifunga macho mbele ya Mungu hahesabu bantu. Minye simuhukumu. Lakini ni yeye anajua mashini. Minye hata kuiwasha siwezi."

"Kumbe," Generose akasema. "Asante, Prezida. Rudi mchana, na kamati yote."

Alimtazama akitoka, picha za marehemu zikitembea mgongoni mwake. Mtu ambaye juzi tu alimwomba fundi arudie, akajaribu kwa mkono wake, leo hawezi hata kuiwasha.

Alipiga simu Kinshasa. Octave, karani wa tume, alikuwa mzaliwa wa Kindu, na Kiswahili chake kilitoka bila kusuasua.

"Octave, jana kabla Mama Consolée hajaanza kusema, kompyuta yake ilitoka mkutanoni hata mara moja?"

"Mara moja, ndiyo. Wakati wa maombi yenu."

"Mtandao ulikatika?"

"Hapana, Mama. Mtandao ukikatika, jina la mtu linabaki pale, duara linazunguka, tunangoja. Jana jina lilifutika lenyewe. Mtu alibonyeza kutoka. Kisha likarudi, mkiwa mnamalizia maombi."

Generose akakaza simu sikioni. "Mnarekodi?"

"Tangu mnapoungana nasi. Sheria ya tume."

"Kwenye picha kuna nani?"

"Mama peke yake, kitini, amefumba macho. Hakuna mwingine aliyepita mbele ya kamera, ingawa anayesimama ubavuni mwa kompyuta haonekani. Lakini sauti ya maombi imo, isipokuwa wakati ule jina lilipofutika."

"Nitumie sauti."

Ilichukua muda kufika, mtandao wa Uvira ukiwa ndio ule ule. Ilipofika, Generose alifunga madirisha ya ukumbi akasikiliza. Mara ya kwanza alisikia ghasia tu: watu wakimlilia Mungu kwa pamoja, Kiswahili, Kifuliiru, Kifaransa, makofi, kilio. Mara ya pili alifuata sauti moja peke yake. Mara ya tatu hakuhitaji tena kuisikiliza.

Alimpigia Komanda Firmin. "Mlete Espoir ukumbini."

"Haiwezekani. Faili yake tayari—"

"Kinshasa wanarekodi kila kitu. Leo shahidi asiposikika, wataniuliza kwa nini fundi hakuwepo, nami nitalitaja jina lako, na cheo chako, na chai yako."

Espoir alifika kabla ya kamati.

Watu walipokwisha kuketi, ukumbi ulijaa zile nyuso za marehemu zilizochapwa kwenye mashati. Mama Consolée alikuwa mbele, mikono mapajani, hamtazami mtu. Firmin alisimama ukutani akijifanya kwamba yeye ndiye aliyewaita wote. Protais akaenda mlangoni, akainua mkono.

"Bandugu, tusimame, tumuite Bwana."

"Bado, Prezida," Generose akasema. "Kwanza tusikilize maombi ya jana."

Hakungoja ruhusa. Akaifungulia sauti ile kwenye spika. Ghasia ya maombi ikaujaza ukumbi tena, na watu wakatazamana, wengine wakijitambua.

"Sikilizeni sauti ya Prezida," akasema. "Maikro iko ndani ya kompyuta ya shahidi, hapa mbele. Anayesimama mlangoni anasikika mbali. Anayesimama hapa anasikika karibu."

Mwanzoni sauti ya Protais ilikuwa ya mbali, imezama kati ya nyingine: Ewe Mungu wa wajane, ewe Mungu wa yatima. Kisha ikaanza kuja. Wengine wote walibaki palepale walipokuwa, lakini yake ilikua, ikawa nene, mpaka ikafunika zote na pumzi yake ikasikika. Na hapo, karibu kabisa, maneno yakamwishia.

Bwana, ikasema sauti. Bwana. Bwana. Eh Bwana. Bwana... Bwana.

Kisha kimya. Shahidi alikuwa ametolewa mkutanoni.

"Kompyuta ilirudi baadaye kidogo," Generose akasema, "na kitu cha kwanza kusikika ni amina, karibu na maikro. Kuanzia hapo sura ikaanza kuganda. Leo asubuhi nimekuta itifaki imebadilishwa, kwenye kompyuta hii moja. Prezida aliniambia alisimama mlangoni toka kuanza mpaka amina."

Protais alikuwa bado ameinua mkono, akaushusha.

"Roho akinishika natembea," akasema. "Hiyo ni zambi?"

"Asubuhi uliniambia mlinzi haachi lango."

"Nilisahau. Muntu akiomba anasahau."

"Na mashine huwezi hata kuiwasha?"

"Siwezi, mbele ya Mungu!"

"Prezida," Espoir akasema toka pembeni, na alisema kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa, "siku ile niliwafundisha, si ulijaribu mwenyewe? Mara mbili. Kamati yote iliona."

Vichwa vikatikisika. Waliona.

Hapo Mama Consolée akainuka. Hakupaza sauti, ukumbi wote ulinyamaza ili umsikie.

"Protais. Minye nakujua tangu ulizika bantu betu. Pa kaburi tupu la mutoto wangu uliomba mpaka jua likageuka, na hata mara moja hukukosa neno. Hakuna muntu wa Uvira anaomba kukupita. Sasa jana, Bwana, Bwana, Bwana." Akaielekezea mkono kompyuta. "Hapa pa mashini, ulikuwa unamutafuta Bwana gani?"

Mtu mmoja nyuma akatoa kicheko kifupi, cha uchungu, kisha akajuta.

Protais akatazama mlango. Firmin, ambaye angalau hilo alilijua, alikuwa amekwisha kusimama mbele yake.

"Mama, unielewe," Protais akasema, na ile sauti ya kuongoza nyimbo ilikuwa imempotea. "Kati ya bale balikufa harudi hata mumoja. Toussaint amesema boti mupya itakuwa na majile ya kuvaa, ya kuokoa bantu. Kazi itakuwa kwa vijana betu. Kesi itatupatia nini? Nilifikiri kwa faida ya bote."

"Kwa faida ya kapita," Generose akasema.

Makelele yakapasuka. Mwanamume mmoja akarusha kiti kando, wanawake wakapiga mayowe kama siku ya msiba. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini huyu hakujificha nguoni. Aliivaa nguo yenyewe, akawabeba wafu wao kifuani na mgongoni, akawaomba wafumbe macho, akawauza wakiwa wanalia. Generose alikuwa amewaona wezi, wauaji, na waongo wa kila aina, na kazi ilikuwa imemfundisha kuwatazama bila kutetemeka. Kwa huyu aligeuza uso. Firmin akatoa pingu.

"Mungoje," Mama Consolée akasema. "Asitoke. Protais, vua hiyo shati."

"Mama..."

"Vua. Mutoto wangu iko pale."

Akalivua. Vidole vilimshinda kwenye vifungo, na hakuna aliyemsaidia. Mama Consolée akalipokea, akalikunja ili uso wa Providence ukae juu, akaenda nalo kitini.

Espoir alikuwa amekwisha kuketi mbele ya kompyuta. Alitoa tiki kwenye kile kijisanduku, akahamisha alama, TCP ikaondoka, UDP ikarudi. Akatoka mkutanoni, akaingia tena. Kinshasa ikatokea kwenye skrini, meza yake ndefu na makarani wake, na Octave mbele akirekebisha miwani.

"Uvira, tunawaona," Octave akasema. "Mnataka kuomba kwanza, kama jana?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyejua nani aongoze, na wengi walikuwa wamekwisha kuinamisha vichwa kwa mazoea.

"Tutaomba," Mama Consolée akasema. "Lakini leo macho wazi."

Wakaomba hivyo. Kila mtu alifungua kinywa chake, wote mara moja, kama wanavyoomba huku, na hakuna aliyefumba jicho. Walimtazama Protais, aliyesimama mlangoni kwa singlendi, pingu mikononi, mlango nyuma ya mgongo wake kama alivyodai. Yeye peke yake ndiye aliyefumba macho.

Amina ilipopita, Octave akainama kuelekea kamera yake. "Shahidi, unatusikia vizuri?"

"Ninyi jana njo hamukunisikia," Mama Consolée akasema. Akaliinua shati mbele ya kamera, akaweka kidole chini ya uso unaocheka. Picha haikuganda. "Huyu anaitwa Providence. Alikuwa amekaa juu ya magunia. Musikilize sasa, nitabaambia nani aliyaongeza."